Bariere zinatosha: tunataka jicho lisilokula makuta

Uvira, tarehe 2 mwezi wa saba 2024

Kwa vijana wenzetu wa Uvira, Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi na Kamanyola. Kwa ninyi wa Makobola, Mboko na Baraka. Kwa mashofa, wamotari na wamama wa soko. Na kwa wale wote wanaotutawala.

Leo ni miaka 14. Siku ya tano tarehe 2 mwezi wa saba 2010, siku mbili tu kisha inchi kusherehekea miaka 50 ya uhuru, kamyo ya mafuta iliyotoka Tanzania na kupitia Burundi ilianguka katikati ya Sange. Umoja wa Mataifa ulieleza siku zile kwamba kamyo ilipinduka ikijaribu kudepase basi. Mafuta yakaanza kumwagika. Watu wakakuja na bido, na masufuria, na chochote kilichokuwa karibu. Wengine walikuwa ndani ya chumba cha sinema wakiangalia mechi ya Kombe la Dunia. Moto ukashika. Zaidi ya watu 230 wakakufa. Wengi wakazikwa pamoja ndani ya makaburi makubwa, kwa sababu hakukuwa tena namna ya kujua huyu ni nani na yule ni nani. Serikali ikatangaza siku mbili za maombolezo.

Kila mwaka tarehe hii ikifika tunasikia watu wakisimulia Sange kama hadithi ya bido. Wanasema: "Walikufa juu ya kupenda vya bure." Sisi tunakataa. Mtu anayekimbilia mafuta yanayomwagika ni mtu ambaye litre moja ya mafuta kwake ni chakula cha watoto cha siku mbili. Na zaidi ya ile, hadithi ya Sange haianzie kwa bido. Inaanzia kwa volani. Kabla ya moto kulikuwa mtu mmoja ndani ya kamyo kubwa iliyojaa mafuta, akaona basi mbele yake, akasema ndani ya roho yake: napita. Katikati ya watu. Saa watu wanatoka mashambani na sokoni.

Ndugu, tuulizane kwa ukweli. Leo asubui, ndani ya Sange ile ile, ni gari ngapi zimedepase katikati ya kijiji? Ni nani amezihesabu? Ni nani amezisimamisha, si kwa kuomba kitu, lakini kwa kusema "kaka, hapa kuna watoto"?

HATUNA OTORUTI, TUNA RN5

Wengine wakisikia neno kamera za mwendo wanacheka. Wanasema hizo ni mambo ya Ulaya, mambo ya otoruti. Ni kweli, sisi hatuna otoruti. Tuna Route Nationale 5, barabara inayotoka Lubumbashi, inapita Kalemie, Fizi na Baraka, inaingia Uvira kandokando ya ziwa, inapanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, kisha inakamata milima ya Ngomo kwenda Bukavu. Pahali pengine ni lami, pahali pengine ni vumbi na mashimo. Lakini kwetu barabara hii ni zaidi ya njia ya gari. Njo soko. Njo njia ya watoto wa shule. Njo pahali ngombe wanapita wakienda kunywa maji. Njo pahali wauza mafuta ya chupa, wale tunaowaita kadafi, wanapanga meza zao. Kisha saa moja ya magaribi, wakati umeme umekatika, inakuwa barabara ya giza yenye watu wanaotembea kwa miguu wakirudi kwao.

Na mwaka huu hali imezidi. Ziwa Tanganyika limepanda, limeingia ndani ya nyumba za watu, limekula kando ya mji. Tangu mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa ine 2020 na kubeba nyumba na watu, Uvira inaishi ikibanwa kati ya mlima na maji. Watu wamesukumwa kutoka kando ya ziwa, na pahali pa kusogelea ni barabara. Kwa hiyo kamyo ya Kalundu, motari mwenye abiria wawili, mama mwenye beseni ya ndagala kichwani na mtoto wa miaka sita vyote viko kwenye metre chache zile zile.

Ndani ya hali kama hiyo, mwendo si jambo la tabia nzuri au mbaya peke yake. Ni hesabu. Gari ikiwa kwa kilomita 60 kwa saa, inakata karibu metre 17 kwa sekunde moja. Ikiwa kwa 90, inakata metre 25. Mtoto akitokea mbele yako, ile sekunde ya kwanza unaipoteza kabla mguu haujafika kwa freni. Metre 25 zimekwisha kupita na gari haijaanza hata kupunguza. Na ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga haizidishwi mara mbili, inazidishwa mara ine. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mtu wa miguu anayegongwa na gari ya kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara 4.5 kuliko anayegongwa kwa 50. Kati ya 50 na 65 kuna nini? Kuna mguu uliosukuma kidogo tu. Shirika lile lile linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa kwa ajali za barabara kila mwaka duniani, na linasema hakuna kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Miaka 5 hadi 29 ni sisi. Ni wewe unayesoma hii kwenye simu, labda uko nyuma ya moto.

SHOFA NI ULE ULE

Kuna uongo mmoja unaotuchosha. Uongo huo unasema: "Mukongomani ndiyo alivyo, hawezi kufuata sheria, iko ndani ya damu."

Wale wote ambao wamekwisha kwenda Bukavu kwa kupitia Rwanda wanajua jibu. Unapanda gari Uvira. Kutoka Kiliba mpaka Luvungi shofa anaruka kama ndege, anapiga honi, anadepase ndani ya kona, mkono mmoja kwa volani na mwingine kwa simu. Mnafika Kamanyola, mnavuka Ruzizi, mnaingia Bugarama. Mara moja shofa anafunga mkanda. Anawaambia abiria wote: "Fungeni mikanda." Simu inaingia mfukoni. Kibao kinasema 60, yeye anaenda 58. Mnapanda mpaka Kamembe kwa utulivu kama watu wanaokwenda misa. Kisha mnavuka tena kuingia Bukavu, na mkanda unafunguka wenyewe.

Shofa ni ule ule. Gari ni ile ile. Damu ni ile ile. Kitu gani kimebadilika? Kule ng'ambo, tangu 2015, amri inalazimisha gari za abiria kuwa na chombo kinachozuia kupita kilomita 60 kwa saa. Kule kuna kamera barabarani, zile watu wenyewe wamezibandika jina la Sofiya. Kamera haikuulizi wewe ni mtoto wa nani. Haiombi ya fanta. Na faini yenyewe unailipa kwa serikali, hauiweki ndani ya mkono wa mtu.

Hatusemi haya kwa kusifu serikali ya jirani. Mambo ambayo jirani huyo anatufanyia tunayajua na tumeyasema mara mingi bila kuogopa. Tunasema tu kile ambacho macho ya kila abiria wa Uvira yameona: tabia ya shofa inafuata kile kinachomngoja mbele. Kule kinachomngoja ni sheria. Huku kinachomngoja ni bei.

BEI YA KUPITA

Sisi huku hatuna kamera, lakini bariere tuko nazo mingi. Wote tumekwisha kuona ile sinema. Gari inafika mbio, inasimama. Mtu mwenye uniformu anakuja kwa dirisha. Haangalii pine kama zimeisha. Hahesabu watu walioshonwa mle ndani kama samaki ndani ya kopo. Haulizi permi, au anaiuliza tu ili mazungumzo yaanze. Konvwayeri anashuka, wanasalimiana kwa mkono, na ndani ya ile salamu kuna noti. Kamba inashuka. Gari inaondoka, na sasa inakimbia kuliko mbele, kwa sababu shofa anatafuta dakika alizopoteza na franga alizotoa.

Mwaona namna mashine hii inavyofanya kazi? Madesu yale si tu wizi wa makuta. Yanafundisha. Yanamfundisha shofa kwamba kosa lake limekwisha kulipiwa hata kabla ya kulifanya. Amekwisha kununua ruhusa ya kukimbia. Mtu ambaye amelipa bariere tano, ni sheria gani utamwambia?

Kwa hiyo wale wanaosema "leteni kamera tu, kila kitu kitakuwa sawa," tunawaambia pole pole. Kamera ni chombo. Inaona plaki na mwendo, basi. Ikipiga picha ya moto isiyokuwa na plaki, imepiga picha ya nini? Ikipiga picha ya gari ambayo plaki yake haimo ndani ya kitabu cha serikali, faini itapelekwa kwa nani? Umeme ukikatika siku tatu, itaona nini? Na ikiwa ile picha inaishia ndani ya simu ya mkubwa mmoja anayeita shofa na kumwambia "njoo tuelewane," basi tutakuwa tumenunua bariere ya bei kali, bariere yenye lensi.

Majirani wametufundisha pia mipaka ya hivyo vyombo. Wenzetu walioishi Nyarugusu na Kigoma wanajua kile Watanzania wanaita tochi: trafiki mwenye kamera ya mkono, amesimama kando ya kijiji penye kibao cha 50. Shofa wanaokutana naye wanawaashia taa wale wanaokuja, ili wapunguze. Wakiisha kupita, wanakanyaga tena. Huko Kenya, mwezi wa pili 2004, waziri John Michuki alilazimisha kila matatu kuwa na kidhibiti cha mwendo cha kilomita 80 na mikanda kwa abiria. Gari mingi zililala kwanza, kisha zikatii, na barabara ikapumua. Lakini mkono wa serikali ulipolegea, vidhibiti vikaanza kuchezewa. Ufaransa ilianza kamera zinazojiendesha zenyewe mwaka 2003. Mwaka 2002 watu waliokufa barabarani walikuwa zaidi ya 7,000, na mwaka 2010 wakawa chini ya 4,000. Lakini kule nyuma ya kamera kulikuwa plaki inayojulikana, anwani inayojulikana, na faini ambayo hata mkubwa anapelekewa nyumbani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: ndiyo kwa jicho linaloangalia mwendo, lakini jicho hilo lisikule makuta. Na hatuna haja ya kungojea mzungu alete kamera ili tuanze.

KAMERA YA KARATASI NA SAA

Bariere zipo tayari. Basi zifanye kazi moja ya maana. Kila gari ya abiria na kila kamyo inayotoka Uvira iwe na karatasi ya safari. Ikitoka paraking, saa inaandikwa. Ikifika bariere inayofuata, saa inaandikwa. Umbali kati ya bariere mbili unajulikana, hauongezeki wala haupungui. Hesabu ya shule ya msingi inatosha: kilomita 30 kwa mwendo wa 60 ni dakika 30. Shofa akifika kwa dakika 20, amekuwa kwa 90, hata kama hakuna mtu aliyemuona. Hawezi kusema nilipunguza kijijini. Hawezi kuashiwa taa. Saa imesema.

Huko Ulaya wanafanya jambo hilo hilo kwa kamera mbili, moja mwanzo na moja mwisho, na kompyuta inagawanya umbali kwa saa. Tanzania wanafuata mabasi ya mbali kwa chombo cha satelaiti chini ya LATRA. Sisi tuanze na biki na saa ya mkono. Na ile karatasi ibandikwe kwa kioo mbele ya abiria wote, ili hata mama aliyekaa kiti cha nyuma aweze kusoma na kusema: "Shofa, wewe umekimbia."

Na dakika hizo 10, shofa, ulizipeleka wapi? Ulizipoteza kwa bariere iliyofuata, ukibishana juu ya franga elfu mbili. Umehatarisha watu 18 juu ya dakika ambazo haukubaki nazo hata moja.

TUNAYOJIBIWA

Tunajua tutajibiwa. Tujibu mbele.

Mashofa watasema: "Ninyi munatuonea. Bosi anangojea versema kila siku. Bariere zinakula. Mafuta yamepanda. Tusipokimbia, tutakula nini?" Ndugu zetu, tunawasikia, na wengi kati yetu ni watoto wa mashofa. Ndiyo maana hatusemi shofa peke yake ni mukosefu. Bosi anayedai versema ile ile hata siku barabara imekatika kwa mvua, yeye pia anakanyaga ile mafuta, akiwa amekaa kwa sofa yake. Faini ya mwendo imfikie na mwenye gari. Bariere zikipungua, na nyinyi mtapata dakika zenu bila kuziiba kwa watoto.

Wengine watasema: "Sisi tunakimbia juu ya usalama. Magaribi bonde lina watu wenye silaha." Hii tunaikubali. Ni kweli na ni aibu ya serikali. Lakini tazameni vizuri ni wapi mnakimbia. Mnakimbia ndani ya Sange, ndani ya Luvungi, ndani ya Kilomoni, penye watu, penye soko, saa sita za muchana. Majambazi gani wako pale mbele ya shule? Hofu ya porini isilipishwe kwa wale wa kijijini. Na dawa ya porini ni askari wanaopiga doria, haiwezi kuwa mguu wa shofa.

Wengine watasema: "Inchi iko ndani ya vita, watu wanakimbia makwao, na ninyi vijana muko hapa na vitesi?" Tunajibu: maiti ya barabara ni maiti. Mama aliyezika mtoto wake kando ya RN5 hakulia nusu. Na serikali inayosema haiwezi kusimamisha kamyo moja mbele ya shule moja, tutaamini vipi kwamba inaweza kusimamisha jeshi?

Wengine watasema: "Barabara ni mbovu, tengenezeni kwanza." Barabara itengenezwe, na tunauliza makuta ya FONER yanayokatwa kila mara tunaponunua mafuta yanafanya nini kwetu. Ule mfuko uliundwa kwa sheria ya 2008 kwa kutunza barabara. Lakini kila mtu anaweza kuona: pale mashimo yapo, gari zinatambaa, pale lami ikiwa safi, zinaruka. Wakitupatia lami bila dodane, bila vibao, bila jicho, watakuwa wametupatia mwendo zaidi wa kufa.

NA SISI?

Sasa tujiangalie, kwa sababu tamko linalohukumu wengine tu halina maana.

Ni nani anapiga kelele ndani ya gari: "Shofa, kanyaga, mupaka utafungwa!"? Ni sisi. Ni nani anasifu shofa kwa kusema "huyu ni mwanaume, Uvira mpaka Kamanyola hatujui hata kama tumefika"? Ni sisi. Ni nani anapanda moto wawili au watatu bila kaske, kisha anamuambia motari "tupite katikati"? Ni nani anarekodi video ya mwendo na kuiweka kwenye simu ili apate watu wa kumpenda? Tunajijua.

Na gari zetu mingi zinatoka Dar es Salaam na volani iko kuume, wakati sisi tunaendeshea kuume. Shofa hawezi kuona mbele ya kamyo mpaka atoe gari nzima katikati ya barabara. Kwa hiyo anamuuliza konvwayeri, kijana wa miaka 19: "Iko bure?" Kijana anajibu: "Pita!" Maisha ya watu 18 yanasimama juu ya neno moja la kijana ambaye hajawahi kusoma sheria ya barabara. Kijana ule ni mwenzetu. Tumfundishe kusema "ngoja." Neno hili halina aibu.

Na jambo moja tena, tunaomba mulichukue kama amri ya ndugu. Kamyo ya mafuta ikianguka, msikaribie. Acheni bido. Mvuke wa mafuta hauonekani, unatembea chini chini kama maji na kutafuta moto, hata wa sigara, hata wa jiko la mama muuza mandazi. Ondoeni watoto, zimeni majiko, muende mbali kule upepo unakotokea. Sange ilitufundisha hii kwa bei ambayo hakuna kijiji kinapaswa kulipa tena.

TUNAYODAI

Kwa gavana wa Kivu ya Kusini, kwa meya wa mji wa Uvira, kwa mkuu wa teritware, kwa Police de Circulation Routière, kwa Office des Routes na kwa Commission Nationale de Prévention Routière, tunadai:

1. Dodane na vibao vya mwendo kwenye kila kiingilio na kila kitokeo cha vijiji vya RN5, kuanzia Sange, na mbele ya kila shule na soko. Dodane haina njaa, haichoki, na inafanya kazi hata umeme ukikatika.

2. Kamyo za mafuta zisipite ndani ya vijiji saa za soko, na zisidepase kamwe ndani ya kijiji. Zikipita, zitanguliwe na gari au moto yenye kuonya watu.

3. Karatasi ya saa kwa gari zote za abiria na kamyo, kama tulivyoeleza, ibandikwe mbele ya abiria.

4. Bariere ambayo haina kazi iliyoandikwa ndani ya sheria iondolewe. Ile inayobaki iandike jina lake, kazi yake na bei ya kila faini juu ya ubao, kwa Kiswahili.

5. Hakuna faini kwa mkono. Kila faini ilipwe kwa banki au kwa simu, kwenye konti ya serikali, na shofa apate ujumbe wa kuonyesha. Asiyekuwa na ujumbe hajalipa. Aliyepokea kwa mkono ameiba.

6. Plaki kwa kila gari na kila moto, kwa bei ambayo motari anaweza kulipa bila kuuza moto yenyewe. Bila hii, msitudanganye na kamera.

7. Siku kamera zitakapokuja, hesabu ya faini zote isomwe mbele ya wanainchi kila miezi tatu, na yale makuta yabaki barabarani: dodane, taa, vibao, na ambulansi.

8. Sheria ya barabara ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978 iandikwe kwa Kiswahili rahisi na ifundishwe ndani ya shule na ndani ya makundi ya wamotari. Mtu hawezi kufuata sheria iliyofichwa ndani ya Kifaransa cha ofisi.

TUNAYOTENDA

Hatutangojea jibu tukikaa. Kuanzia juma hili, sisi tutaandika. Kila mmoja wetu anayesafiri kwenda Kamanyola au Baraka ataandika saa ya kutoka na saa ya kufika, pamoja na kila pahali gari lilisimamishwa na muda lililokaa. Hatutaandika jina la shofa wala la askari. Hatutafuti mtu wa kupiga. Kisha mwezi mmoja tutaweka hesabu ile hapa, na nakala tutaipeleka kwa mikono ndani ya ofisi ya meya na tutaomba karatasi ya kupokelewa.

Pili, tunawaomba jambo dogo ambalo ni gumu kuliko maandamano. Ukiwa ndani ya gari na shofa anaanza kukimbia ndani ya kijiji, usinyamaze. Sema kwa heshima: "Papa shofa, pole pole, tuko na watoto." Atakasirika, labda wengine watakucheka. Sema tena. Siku abiria wawili watasema, na kesho yake watano, shofa atajua kwamba kamera imekwisha kufika Uvira, na imekaa kiti cha nyuma.

Tatu, leo magaribi, mahali popote ulipo kando ya RN5, simama dakika moja kando ya barabara. Hatufungi njia, hatuchomi pine. Tunasimama tu, na tunahesabu gari zinazopita. Wale wa Sange hawakuwa namba. Lakini kwa sababu serikali imekataa kuhesabu, tutahesabu sisi.

Uvira haiombi huruma. Inaomba dodane, vibao, na watu wa kazi wanaofanya kazi yao. Miaka 14 inatosha.

Sisi, vijana wa Uvira na wa bonde la Ruzizi